Biashara Zinazoongezeka Bila Kukua: Mhadhara Kuhusu Idadi ya Biashara, Ukubwa Wake na Ajira Nchini Tanzania

Nafurahi kwamba ukumbi huu umekusanya wanaoandika sera, wanaozitekeleza na wanaozilipia, kwa kuwa suala nililokuja nalo haliwezi kuamuliwa na kundi moja peke yake.

Kusudi langu ni kujenga hoja moja. Nchini Tanzania, kama kwa majirani zetu wengi, tumezoea kupima maendeleo ya ajira kwa kuhesabu biashara: leseni ngapi zimetolewa, vikundi vingapi vimekopeshwa, vijana wangapi wamejiajiri. Nadai kwamba kipimo hicho kinatupotosha. Idadi ya biashara inaweza kupanda mwaka hadi mwaka huku ajira ya mshahara ikibaki palepale. Na kuna jambo zito zaidi: mara nyingine idadi hupanda kwa sababu ileile inayozuia ajira isikue, yaani kwa sababu mwenye biashara anaona usalama zaidi katika kufungua kibanda cha pili kuliko kuajiri mtu wa kumi katika karakana yake ya kwanza. Nitalieleza hilo kwa hoja nne, nitajibu mapingamizi ninayoyaheshimu, kisha nitasema naona tufanye nini.

Hoja ya kwanza: biashara ni nyingi, watu ndani yake ni wachache

Tuanze na mipaka tuliyojiwekea wenyewe. Sera ya Maendeleo ya Biashara Ndogo na za Kati ya mwaka 2003 iligawa biashara zetu katika madaraja manne. Yenye watu 1 hadi 4 ni biashara ndogo sana, yenye 5 hadi 49 ni ndogo, yenye 50 hadi 99 ni ya kati, na yenye 100 au zaidi ni kubwa. Sera hiyo iliweka pia mipaka ya mtaji, ya shilingi milioni 5, milioni 200 na milioni 800. Thamani ya mipaka hiyo ya fedha imepunguzwa mno na mfumuko wa bei wa miaka zaidi ya ishirini, kwa hiyo leo nitashika ile ya watu.

Utafiti wa kitaifa wa Wizara ya Viwanda na Biashara, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2012, ulikadiria kwamba nchi ilikuwa na biashara ndogo sana, ndogo na za kati zipatazo milioni 3.16, na kwamba zilitoa kazi kwa watu wapatao milioni 5.2. Takwimu hizi zimetajwa katika hotuba nyingi kama ushahidi wa nguvu ya sekta hii, na nguvu hiyo ipo kweli. Lakini naomba tugawanye namba ya pili kwa ya kwanza. Tunapata takriban watu 1.65 kwa kila biashara, na mwenye biashara mwenyewe yumo katika hesabu hiyo. Ukimwondoa, anabaki chini ya mtu mmoja kwa kila biashara. Kenya, katika utafiti wake wa mwaka 2016, ilipata biashara milioni 7.4 zenye watu milioni 14.9, yaani wastani wa watu wawili. Na kati ya biashara hizo ni milioni 1.56 tu zilizokuwa na leseni. Nchi mbili zenye historia tofauti za uchumi, moja iliyopitia Azimio la Arusha na nyingine iliyofuata soko tangu uhuru, zimefika karibu mahali pamoja.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya ajira katika biashara ndogo, kwa sehemu kubwa tunazungumza juu ya watu waliojipatia kazi wenyewe. Mama lishe anayeamka saa kumi alfajiri, dereva wa bodaboda, mwenye genge la mboga: hawa wanafanya kazi ngumu, wanalisha familia na wanasomesha watoto, na hakuna anayestahili kuwabeza. Ila kujiajiri na kuajiri ni mambo mawili, na takwimu zinazoyachanganya huficha lile tunalolihitaji zaidi. Kila mwaka vijana wanaokadiriwa kufikia karibu milioni moja huingia katika soko la kazi la nchi hii. Wengi wao hawana mtaji, hawana fundi wa kuwafunza na hawana hamu ya kubahatisha. Wanachohitaji ni mwajiri.

Mnivumilie kwa hesabu moja fupi, kwa sababu sehemu kubwa ya mhadhara huu inaiegemea. Chukua biashara milioni 3.16 zilezile. Tuseme moja tu katika kila mia ikue kutoka watu 2 hadi watu 10. Hizo ni biashara 31,600, na kila moja imeongeza watu 8, kwa hiyo tumepata nafasi 252,800. Kuzipata nafasi hizohizo kwa njia ya kufungua biashara mpya zenye wastani wa watu 1.65 tungehitaji biashara zaidi ya 153,000, zote ziishi, na zote zipate wateja bila kuwanyang'anya walio jirani. Kila anayeijua mitaa yetu anajua sharti hilo la mwisho lilivyo gumu. Kibanda cha tano cha chipsi katika kituo kimoja cha daladala hakileti walaji wapya; kinawagawa waliopo. Hiki ndicho kinachotokea katika safu nyingi za biashara zetu, na rejista ya leseni haiwezi kukionyesha.

Hoja ya pili: katikati hapana watu

Sensa ya Uzalishaji Viwandani ya mwaka 2013 iliyofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilihesabu viwanda 49,243. Asilimia 85.13 vilikuwa na watu 1 hadi 4. Asilimia 14.02 vilikuwa na watu 5 hadi 49. Vya kati, vyenye watu 50 hadi 99, vilikuwa asilimia 0.35, na vikubwa asilimia 0.5. Kwa hesabu ya kawaida hivyo ni viwanda takriban 170 vya kati na takriban 250 vikubwa katika nchi nzima, yaani viwanda vikubwa vilizidi vya kati.

Mtu makini atanisimamisha hapa, na ana haki. Atasema kwamba daraja la kati ni jembamba, kuanzia 50 hadi 99 tu, ilhali daraja la juu halina dari. Kwa hiyo si ajabu la juu likawa na viwanda vingi zaidi. Pingamizi hili limewahi kutolewa kitaalamu. Chang-Tai Hsieh na Benjamin Olken, mwaka 2014, walichunguza takwimu za India, Indonesia na Mexico bila kuzikata kwa madaraja, wakaona kwamba hakuna shimo katikati: idadi ya viwanda hupungua taratibu kadiri ukubwa unavyoongezeka. Kwa maoni yao, kinachokosekana katika nchi maskini ni vya kati na vikubwa kwa pamoja. Naukubali uchambuzi huo, wala hoja yangu haihitaji shimo. Iwe ni shimo au ni mteremko mkali, swali linabaki lilelile: viwanda karibu 42,000 vilikuwa na watu wasiozidi wanne, na vilivyofikia watu 50 au zaidi havikuzidi mia nne na kitu. Ni nini kilichotokea kati ya hapo? Je, hivyo vidogo viko njiani kupanda, au vimefika mwisho wa safari yake siku ileile vilipofunguliwa?

Hoja ya tatu: udogo na uchanga si kitu kimoja

Swali hilo lina historia ndefu, na inafaa tuipitie kwa sababu kosa lililofanywa Marekani karibu nusu karne iliyopita bado linaishi katika sera zetu. Mwaka 1979 David Birch wa MIT alichapisha utafiti uliosema kwamba kati ya mwaka 1969 na 1976 biashara zenye watu 20 au pungufu ndizo zilizoleta takriban theluthi mbili ya ajira mpya za Marekani. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Tangu hapo, mwanasiasa wa nchi yoyote anaweza kusimama na kusema kwamba biashara ndogo ndiyo injini ya ajira, na hakuna atakayemwomba ushahidi.

Baadaye Steven Davis, John Haltiwanger na Scott Schuh walionyesha kasoro katika namna ya kuhesabu, na kasoro yenyewe inaeleweka bila hisabati. Chukua karakana yenye mafundi 12. Mwaka huu kazi imekuwa chache, wamebaki 8. Mwaka ujao kazi imerudi, wako 12 tena. Hakuna kilichobadilika katika miaka hiyo miwili. Lakini ukigawa biashara kwa mstari wa watu 10, jedwali litaandika kwamba mwaka wa kwanza biashara kubwa zilipoteza kazi nne, na mwaka wa pili biashara ndogo ziliongeza kazi nne. Kila kupanda na kushuka kwa kawaida kunahesabiwa kuwa ushindi wa wadogo. Mwaka 2013, Haltiwanger akiwa na Ron Jarmin na Javier Miranda alirudi na takwimu pana zaidi, wakauliza swali ambalo halikuwa limejibiwa vizuri: ukishazingatia umri wa biashara, je, ukubwa bado una uzito? Wakaona kwamba uhusiano kati ya udogo na ukuaji unatoweka. Ajira mpya huletwa na biashara changa, ambazo nyingi ni ndogo kwa kuwa ndiyo kwanza zimeanza. Nyingi kati ya hizo hufa mapema. Chache zinazobaki hukua kwa kasi, na hizo chache ndizo zinazobeba hesabu nzima.

Sasa tulinganishe na huku kwetu. Hsieh na Peter Klenow, katika kazi yao ya mwaka 2014, walifuatilia jinsi viwanda vinavyokua kadiri vinavyozeeka. Marekani, kiwanda cha umri wa miaka 40 huwa na wafanyakazi zaidi ya mara saba ya kile kichanga. Mexico na India, viwanda vinavyobaki hai huwa takriban mara mbili tu. Kwa Afrika, Carl Liedholm na Donald Mead walikusanya tafiti za Botswana, Kenya, Malawi, Swaziland na Zimbabwe, wakaona kwamba kati ya biashara zilizoanza na watu 1 hadi 4, ni takriban moja tu katika kila mia iliyofika zaidi ya watu kumi. Upande wa kufa nao ni mzito: utafiti uleule wa Kenya wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano iliyotangulia, dhidi ya milioni 7.4 zilizokuwa hai.

Picha inayojitokeza ni hii. Tuna uchanga mwingi na vifo vingi, kama Marekani. Tunachokosa ni lile kundi dogo linalopenya. Serikali inapotangaza kwamba biashara mpya elfu kadhaa zimesajiliwa, imeeleza upande mmoja tu wa daftari. Hatujaambiwa zilizofungwa ni ngapi, wala zile zilizofunguliwa miaka mitano iliyopita leo zina watu wangapi. Na daftari la upande mmoja ni kitu ambacho hata mwenye duka la rejareja hawezi kukubali.

Hoja ya nne: kwa nini mwenye biashara hufungua ya pili badala ya kukuza ya kwanza

Hapa ndipo kiini cha mhadhara wangu kilipo, na nitakaa hapa zaidi. Ukirudi kwenye ule utafiti wa 2012 utaona jambo lisilotajwa sana: biashara milioni 3.16 zilikuwa mikononi mwa wamiliki wapatao milioni 2.75 tu. Yaani mamia ya maelfu ya biashara zilikuwa za mtu ambaye tayari alikuwa na nyingine. Huyu ni mtu aliyefanikiwa kidogo, akapata akiba, akaamua kutoiweka pale alipoipatia. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, akafungua saluni. Alikuwa na saluni, akanunua bodaboda mbili. Kwenye takwimu ya idadi, hayo ni maendeleo. Kwenye takwimu ya ajira, fedha ambayo ingeajiri mtu wa tano na wa sita imeanzisha upya safari kutoka mwanzo, kwa mtu mmoja mmoja. Mjasiriamali huyu si mjinga. Anafanya hesabu sahihi kulingana na mazingira tuliyomwekea, na ni juu yetu kuyatazama mazingira hayo.

La kwanza ni mipaka ya kodi na tozo. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi zamani ilimgusa kila mwajiri mwenye wafanyakazi wanne au zaidi. Mwaka 2021 Bunge lilipandisha mpaka huo hadi wafanyakazi 10, na mwaka 2023 kiwango kikashushwa hadi asilimia 3.5. Yote mawili yalikuwa mabadiliko mema. Lakini tozo hii ikishaanza hutozwa juu ya mishahara yote. Chukua karakana yenye watu tisa, kila mmoja akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Haidaiwi kitu. Ikiajiri wa kumi kwa mshahara uleule, jumla ya mishahara inakuwa milioni 3, na tozo ni shilingi 105,000 kila mwezi. Kwa hiyo mtu wa kumi hamgharimu mwajiri 300,000 bali 405,000, theluthi moja na zaidi juu ya mshahara wake. Mwajiri mwenye akili atabaki na tisa, na kazi ikizidi atawaita vibarua wa siku. Au atafungua karakana ya pili kwa jina la mkewe au mdogo wake, yenye watu wake wanne, nasi tutaihesabu kuwa biashara mpya.

Mipaka mingine inafuata mauzo badala ya watu. Mauzo ya mwaka yakifika shilingi milioni 11 inatakiwa mashine ya EFD, ya kutolea risiti za kodi. Yakivuka milioni 100, mfanyabiashara anatoka katika kodi ya makadirio na anatakiwa kuandaa hesabu zilizokaguliwa. Yakivuka milioni 200 anaingia katika Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, wakati jirani yake anayeuza bidhaa ileile chini kidogo ya mpaka haitozi. Milioni 100 kwa mwaka ni chini ya laki tatu kwa siku. Duka la jumla la kawaida mjini linafika hapo upesi. Naelewa kabisa kwa nini mipaka hii iliwekwa: iliwekwa ili kumlinda mdogo, na inamlinda. Tatizo ni kwamba ulinzi unaokoma ghafla humfunza anayelindwa asisogee.

La pili ni fedha. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, inakwenda kwa waanzao. Kenya, Mfuko wa Hasla uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 ulianza na mikopo ya shilingi za Kenya 500 hadi 50,000. Upande wa pili zipo benki, zinazomhudumia vizuri mwenye hati ya nyumba na hesabu zilizokaguliwa. Aliye katikati, anayehitaji milioni 60 kwa miaka mitano, ni mkubwa mno kwa kikundi na mdogo mno kwa benki, na hapo ndipo anapokutana na wakopeshaji wa mtaani, wale ambao umma umewaita kausha damu. Tazama wakamuaji wa alizeti wa Singida na Dodoma. Mashine ipo, umeme umefika, walaji wapo nchi nzima. Mbegu hupatikana kwa bei nafuu kwa miezi michache baada ya mavuno, na anayetaka kukamua mwaka mzima lazima awe na fedha ya kununua na kuhifadhi katika msimu huo mmoja. Asiyekuwa nayo hukamua hadi mbegu ziishe, kisha huwarudisha vibarua nyumbani. Kiwanda ambacho kingekuwa na watu 20 wa kudumu kinabaki na watatu na mlinzi. Tena mwenye kuthubutu kukopa ajue kwamba ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje umekuwa ukibadilishwa kutoka bajeti moja hadi nyingine, na mkopo wa miaka mitano hauwezi kusimama juu ya sera inayobadilika kila Juni.

La tatu ni uaminifu na usimamizi, jambo ambalo wachumi tulichelewa kulichukulia kwa uzito. Watafiti wakiongozwa na Nicholas Bloom walichunguza viwanda vya nguo karibu na Mumbai na kuona kwamba kilichoeleza ukubwa wa kampuni kuliko kingine chochote ni idadi ya wanaume wa familia waliopatikana kuisimamia. Mwenye mali hakumwamini meneja wa nje, kwa kuwa meneja akiiba, mahakama ingechukua miaka. Viwanda vilipofundishwa mbinu za kawaida za usimamizi, kama kuweka kumbukumbu za malighafi na kufanya matengenezo ya mashine kabla hazijaharibika, tija ilipanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Sioni sababu ya kudhani kwamba Keko, jijini Dar es Salaam, pale mafundi samani wanapopangana karakana kwa karakana wakitengeneza vitanda na makabati yanayofanana, hali ni tofauti sana. Fundi mkuu ndiye anayepima mbao, anayepokea fedha na anayejua nani anadaiwa. Biashara yake haiwezi kuzidi upeo wa macho yake.

La nne nitalitaja kwa ufupi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeendeleza utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu. Soko ni jambo jema, lakini mzabuni mdogo asiyelipwa kwa miezi kadhaa hufilisika kwa sababu ya ushindi wake mwenyewe. Kampuni kubwa inaweza kuisubiri Serikali. Yenye watu 15 haiwezi.

Mapingamizi

Pingamizi la kwanza ni la kiutu. Wapo watakaosema: unataka tuwaache mamilioni ya wanyonge tuwasaidie wachache wenye nafuu? Sivyo. Mmachinga anahitaji mahali pa kufanyia kazi pasipo na usumbufu, bima ya afya na mkopo wa haki. Vitambulisho vya wajasiriamali vilivyotolewa kuanzia mwisho wa mwaka 2018 kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo chini ya milioni 4, vililenga kuondoa bughudha, na lengo hilo lilikuwa sahihi. Ninachopinga ni kuita hatua kama hizo mpango wa ajira. Ni hifadhi ya maisha, ina thamani yake yenyewe, na isibebeshwe ahadi ambayo haiwezi kuitimiza. Tena anayenufaika zaidi na biashara zinazokua ni mmachinga huyohuyo: vijana wenzake wakiajiriwa, ushindani unapungua katika safu yake na wateja wenye mshahara wanaongezeka.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na limejengwa juu ya takwimu zetu wenyewe. Xinshen Diao, Mia Ellis, Margaret McMillan na Dani Rodrik walichunguza viwanda vya Tanzania na Ethiopia, wakaona kwamba viwanda vikubwa vina tija kubwa lakini haviongezi sana wafanyakazi, kwa kuwa vinatumia mitambo mingi. Vidogo vinaongeza watu lakini tija yao haipandi. Ikiwa ndivyo, kwa nini nitamani biashara zikue? Je, hazitaishia kununua mitambo na kuacha watu? Nakiri kwamba ushahidi huu unanizuia kudai mengi. Unaniambia nisitarajie ajira kutoka kwa kiwanda cha saruji au cha bia kilicholetwa na mwekezaji kikiwa kimekamilika. Lakini kikubwa kilichozaliwa kikubwa ni tofauti na kilichopanda kutoka watu wanne hadi arobaini. Katika masafa hayo ya kati, kukua kwa kawaida ni kuongeza mikono: fundi wa pili, mpaka rangi, mtunza stoo, karani wa mauzo. Majaribio ya Nigeria yanaunga mkono hilo. Katika mpango wa YouWiN! ulioanza mwaka 2011, washindi 1,200 wa shindano la mipango ya biashara walipewa ruzuku ya wastani wa takriban dola 50,000 kila mmoja, na kwa kuwa sehemu ya washindi ilichaguliwa kwa bahati nasibu, David McKenzie aliweza kuwalinganisha kwa haki na waliokosa. Miaka mitatu baadaye, uwezekano wa kuwa na wafanyakazi 10 au zaidi ulikuwa umeongezeka kwa zaidi ya pointi 20 za asilimia. Fedha ya kutosha, kwa mtu aliyechujwa, ilivusha mpaka ambao mikopo midogo haivushi.

Mbele yetu

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, inalenga uchumi wa dola trilioni moja. Uchumi wa namna hiyo hauwezi kujengwa na biashara zenye watu wawili wawili, hata zikiwa milioni thelathini. Napendekeza tuanze na mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Tozo ya ufundi stadi itozwe kwa mshahara wa mfanyakazi wa kumi na wanaofuata tu. Katika mfano wangu, mwajiri angelipa shilingi 10,500 badala ya 105,000, na sababu ya kukwepa mpaka ingetoweka. Anayevuka mpaka wa mauzo apewe miaka miwili au mitatu ya kuuzoea utaratibu mpya kabla ya adhabu kuanza. Mzabuni mwenye watu chini ya 50 alipwe ndani ya muda uliowekwa, na riba ianze kuhesabika siku ya pili yake. SIDO, taasisi ya umma ambayo tangu mwaka 1973 imekuwa ikiwafundisha watu kuanza viwanda vidogo, ipewe pia wataalamu wa kukaa miezi sita ndani ya karakana zenye watu 8 hadi 30, kuweka kumbukumbu na kufundisha mameneja. Nalo suala la mkopo wa kati wa miaka mitano linahitaji mhadhara wake, na nitafurahi kama mmoja wenu kutoka benki atalichukua.

Lakini kabla ya yote hayo kuna kazi ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, BRELA inayosajili kampuni na majina ya biashara, mamlaka ya mapato TRA na mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF kuunganisha rejista zao, ili biashara ileile ifuatiliwe kwa namba yake ya mlipakodi mwaka hadi mwaka bila kutoa siri ya mtu. Kwa njia hiyo, ripoti ijayo itaweza kutuambia kati ya biashara zilizoanza mwaka 2020 ni ngapi zimefungwa, ni ngapi zimebaki na mtu mmoja, na ni ngapi zimevuka watu kumi, katika mkoa upi na katika shughuli ipi. Wanafunzi wa takwimu mlioko nyuma ya ukumbi, sehemu kubwa ya kazi hiyo itakuwa yenu, na inaweza kuanza kwa mkoa mmoja hata mwaka huu wa fedha.